Chumba Kilichokohoa

Tulipomzika Shangazi Apolonia kule Kilema, watu watatu walinisogelea mmoja mmoja kabla chai ya msibani haijaisha, na wote waliniuliza swali lile lile kwa sauti ya chini: ile fleti yake ya mjini ina vyumba vingapi hasa? Wa kwanza alianza kwa kunipa pole, wa pili alianza kwa kusifu jeneza, wa tatu hakuanza na chochote. Niliwajibu kwamba inategemea umevihesabu mwaka gani, na ulikuwa umesimama upande gani wa ukuta. Wakadhani msiba umenivuruga akili. Lakini hilo ndilo jibu la kweli, na kesho yake nilipokuwa nateremka kurudi mjini nikajikuta naukumbuka mwaka ule wote, tangu siku tulipoiona fleti ile mara ya kwanza mpaka siku tulipojua ni ya nani.

Ulikuwa mwaka ambao simu za mkononi zilianza kuonekana Moshi, na mwenye nayo aliishika mkononi hata kama hapigi, ili ionekane. Kahawa ilikuwa imeanguka bei, na mlimani watu walikuwa wanang'oa mibuni ya babu zao na kupanda nyanya. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka popote, nikateremka mjini kumsaidia Shangazi kuuza masweta na makoti ya mitumba. Alikuwa amepanga chumba kimoja Majengo, kwenye nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana kwenye ukumbi wa katikati. Kitanda chetu kilikuwa upande wa dirisha, marobota ya mitumba upande wa mlango, na jiko la mafuta ya taa chini ya meza, hivyo chakula chote tulichokula humo kilinuka masweta na masweta yote tuliyouza yalinuka vitunguu. Kuta hazikufika kwenye paa. Tulijua nani kagombana na mumewe, nani kapata mgeni, nani kanunua nyama na hataki ijulikane. Shangazi alikuwa na tabia ya kunyamaza ghafla katikati ya sentensi, anasikiliza, halafu anaendelea palepale alipoishia. Alisema mtu akikaa Majengo miaka kumi masikio yanakuwa makubwa kuliko chumba.

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, hajaolewa, na kwao hakuwa na mahali. Kihamba, yaani lile shamba la migomba na kahawa lenye nyumba na makaburi ya ukoo, kilikuwa cha kaka zake, na baada yao kitakuwa cha watoto wao wa kiume. Yeye akienda Krismasi alilala jikoni kwa bibi, na bibi alipofariki alilala kwenye kochi. Hakulalamika hata siku moja. Ila alipokuwa anakunja masweta jioni alikuwa akiniuliza maswali ambayo sikuyaelewa wakati ule: mtu akiwa na chumba chenye mlango wake, choo chake na jiko lake, halafu hakina nafasi ya mgeni hata mmoja kulala, je, hiyo ni nyumba ndogo au nyumba kubwa? Nilijibu ni ndogo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Mwanzoni mwa mwaka huo dalali mmoja aitwaye Temba alimletea vitu viwili kwa bei inayokaribiana. Cha kwanza kilikuwa kiwanja kule Pasua chenye nyumba ya vyumba vinne iliyoishia kwenye lenta, bila paa, na uwanja wa kutosha kufuga ng'ombe. Cha pili kilikuwa fleti ndogo karibu na stesheni ya reli, ghorofa ya kwanza, kwenye jengo la zamani la familia moja ya wafanyabiashara wa vitambaa waliokuwa wanahamia Dar es Salaam na kuuza fleti zao moja moja. Vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko, choo cha ndani. Mtu yeyote mwenye akili, kama alivyosema Baba Mkubwa Aloisi, angechukua kiwanja.

Baba Mkubwa Aloisi, kaka yake mkubwa Shangazi, aliteremka kutoka Kilema na mkungu wa ndizi begani mara tu aliposikia. Sijui alisikia kwa nani. Shangazi alipika mtori wa zile ndizi, tukala watatu tukiwa tumekaa juu ya marobota, na bakuli lilipokwisha ndipo Baba Mkubwa akafungua mdomo.

"Apolonia, nimesikia unataka kununua hewa."

"Nataka kununua nyumba, kaka."

"Nyumba inakaa juu ya udongo. Hiyo yako inakaa juu ya nyumba ya mtu. Siku ukifa utazikwa wapi? Kwenye veranda?"

"Nikifa mtajua wenyewe pa kunizika. Sasa hivi natafuta pa kulala."

"Pasua vyumba vinne. Vinne! Unakaa wewe, anakaa huyu Vero, na Deo wangu akija kusoma ufundi mjini ana mahali. Na mimi nikiteremka hospitali nina mahali. Kwa bei ile ile. Hivi huyo dalali amekulisha nini?"

Shangazi aliokota mabakuli, akayapanga taratibu. "Ndiyo maana sitaki vinne, kaka," alisema. "Vikiwa vinne ni vya ukoo. Vikiwa viwili ni vyangu."

Baba Mkubwa akanigeukia mimi na kuuliza, kana kwamba Shangazi hayupo, kama kuna mwanamume yeyote anayekuja pale. Nikasema hakuna. Hakuniamini. Alipoondoka aliwasalimia wapangaji wote ukumbini, chumba kwa chumba, na niliposikiliza nilimsikia akiwauliza wao pia.

Tulikwenda kuiona fleti siku ya Jumatatu, siku ambayo biashara ya mitumba imelala. Temba alikuwa mwembamba, mwenye koti la suti lisilolingana na suruali, na alikuwa na haraka ya ajabu. Alifungua, akatutembeza, akasifu. Bomba lilitoa maji. Dirisha la sebule lilitazama mlima, na siku hiyo mlima ulikuwa wazi, theluji yake ikionekana hata ule ufa wa pembeni. Shangazi hakuutazama. Alikuwa anatazama kuta. Alipita polepole kutoka sebuleni kwenda kwenye korido iliyotenganisha vyumba, akasimama mbele ya ukuta mmoja uliopakwa rangi mpya wakati kuta nyingine zote zilikuwa na rangi ya siku nyingi, iliyofifia kama chai ya maziwa.

"Mbona huu umepakwa peke yake?"

"Ulikuwa na unyevu, mama. Wameutengeneza."

"Unyevu ghorofani?"

Temba alifungua mdomo kujibu, na hapo ndipo ukuta ulipokohoa. Sina namna nyingine ya kulieleza. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha mara mbili, kilichotoka ndani ya ile rangi mpya. Temba naye akakohoa papo hapo, kwa nguvu, na kujipigapiga kifuani.

"Nani amekohoa?" Shangazi akauliza.

"Mimi, mama. Vumbi."

"Wewe umekohoa wa pili."

"Basi ni jirani. Haya majengo ya zamani sauti zinatembea."

Shangazi hakubisha. Alisema atafikiria, akamshukuru, tukatoka. Kwenye ngazi tulikutana na mama mmoja wa ghorofa ya juu aliyekuwa anapanda na kikapu cha sokoni. Shangazi akampokea kikapu, akampandisha nacho mpaka mlangoni kwake, na kwa sababu alimbebea mzigo, tukakaribishwa ndani. Nilielewa baadaye kwamba hicho kikapu hakikubebwa kwa huruma. Fleti ya yule mama ilikuwa juu ya ile tuliyotoka kuiona moja kwa moja, dirisha juu ya dirisha. Nikaomba kunawa mikono, na nilipopita kwenye korido nikaona mlango mahali ambapo chini kulikuwa na ukuta mpya. Ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na chumba kizuri chenye vitanda viwili vya watoto na dirisha linalotazama uani.

Tuliposhuka barabarani nikamwambia Shangazi: kule juu kuna vyumba vitatu. Hakushtuka. Alitembea mpaka kwenye kivuli cha ukuta wa stesheni, akasimama.

"Kwa hiyo wanatuuzia nyumba iliyofichwa chumba," akasema, "na chumba kina mtu."

Kuanzia siku hiyo mpaka Jumatatu iliyofuata nilimwona Shangazi akiwa mtu mwingine. Alimshuku Temba, hilo lilikuwa halali yake. Akamshuku pia mwenye jengo, ambaye hakuwa amemwona. Akashuku kwamba kiwanja cha Pasua nacho kina mtu ndani yake, labda kimeuzwa mara mbili, labda Baba Mkubwa ana chake kwa dalali. Alikataa chakula alicholetewa na mpangaji wa chumba cha pili kwa sababu hakuelewa kwa nini wiki hiyo na si wiki nyingine. Mimi mwenyewe alikuwa akiniuliza nimetoka wapi hata nikitoka chooni. Ninapofikiria sasa, nikiwa nimeshapita umri aliokuwa nao, naona kwamba hakuwa na uchizi wowote. Alikuwa ameweka akiba kwa miaka yote ya ujana wake ili anunue mara moja tu. Mtu anayeweza kununua mara moja tu hana anasa ya kumwamini mtu.

Jumatatu ile hatukumwambia Temba. Tulizunguka nyuma ya jengo, tukapanda ngazi ya chuma ya uani ambayo zamani ilikuwa ya wafanyakazi wa ndani. Mwisho wa ngazi palikuwa na kibaraza kidogo, jiko la mkaa, kanga mbili kwenye kamba, na mlango wenye pazia jeupe lililofumwa kwa mkono. Shangazi akabisha hodi.

"Karibuni," sauti ilisema, bila kuuliza ni akina nani.

Alikuwa bibi wa Kiislamu mwembamba sana, mwenye ushungi na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, amekaa kwenye kitanda kilichotandikwa vizuri kuliko kitanda chochote nilichowahi kuona. Tukampa shikamoo zetu. Akaitikia marahaba, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akatabasamu.

"Nyinyi ndio wale. Kassim kaniambia mtakuja kunisalimia. Nikasema mbona hawaji? Kaeni, kaeni, chai ipo."

Jina lake lilikuwa Bi Zaituni. Alitumiminia chai ya tangawizi kali kiasi cha kutoa machozi, akafunua sahani ya vitumbua, na akazungumza kama mtu ambaye hajazungumza na mtu kwa juma zima. Alikuwa amekuja kwenye familia ile akiwa msichana, akalea watoto watano, wa mwisho Kassim, ambaye ndiye sasa anauza. Wazee walikuwa wamefariki. Watoto wengine wote wako Dar na mbali zaidi.

"Wakataka kunichukua Dar. Nikasema, Dar nakwenda kumjua nani? Joto lile! Mimi wangu wote wamelala makaburini hapa hapa Moshi. Basi Kassim akaniambia, mama usijali, nimepata watu wazuri wa kununua, wamekubali ukae chumbani mwako mpaka siku zako. Akajenga ukuta ili nisiwasumbue. Akanikatia mlango wa huku nyuma." Alimsogezea Shangazi sahani. "Mungu awalipe, mwanangu. Si kila mtu angekubali."

Nilimtazama Shangazi. Nilijua kwamba hakuna aliyemwambia kitu, hakuna alichokubali, na kwamba bibi huyu alikuwa amedanganywa kama sisi, kwa uongo ule ule uliogawanywa vipande viwili. Shangazi alishika kitumbua mkononi kwa muda. Halafu akakila, akanywa chai yake mpaka tone la mwisho, akasema, "Asante, mama. Chai yako ni nzuri," akaaga.

Kassim tulimkuta kwenye duka la baba yake, rafu zimebaki tupu, majora ya mwisho yamesimamishwa pembeni kama watu wanaongojea treni. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mnene kidogo, simu mkononi. Shangazi hakukaa.

"Yule mama wa chumba cha nyuma ni wa nani?"

Kassim aliweka simu juu ya kaunta. Aliona haya, hilo niliseme. Uso wake ulibadilika. "Dada yangu, nilitaka Temba akueleze taratibu."

"Temba amenikoholea."

"Sikiliza. Yule ni mama yangu kuliko mama. Siwezi kumtupa. Lakini nikisema kuna bibi ndani, nani atanunua? Nimeweka bei ndogo kwa sababu hiyo. Chukua hivyo. Chumba chake nacho kitakuwa chako, bei ile ile, siku... siku akishaondoka."

"Akishaondoka kwenda wapi?"

Kassim akaichukua tena simu yake kwenye kaunta.

"Basi iandikwe," Shangazi akasema. "Kwamba chumba ni changu, na yeye anakaa mpaka mwisho."

"Itaandikwa, dada. Bila shaka."

Haikuandikwa. Siku ya kwenda kwa wakili Kassim alikuja amechelewa, karatasi zilikuwa zimeshachapwa, zinasema vyumba viwili, sebule, jiko na choo. Wakili alieleza kwamba jengo zima lina hati moja, wanunuzi wanaingia majina yao pamoja, kila mmoja na sehemu yake, na kama sehemu ya Shangazi haina chumba cha nyuma basi haina. Kassim akasema cha nyuma kitaandikwa baadaye akitoka Dar, kwani yeye ni mtoto wa barabarani? Nilidhani Shangazi atasimama aondoke. Alikaa kimya kama alivyonyamaza Majengo akisikiliza kuta, kisha akatia sahihi. Tulipotoka nikamuuliza kwa nini. Akasema vyumba viwili alivyolipia amepata, na hicho cha tatu ataona.

Neno hilo, ataona, lilinikaa vibaya. Lilikaa vibaya zaidi tulipohamia na Baba Mkubwa akaja kukagua. Alizunguka fleti mikono nyuma, akagonga ukuta mpya kwa vidole, akasikiliza, na tulipomweleza habari za Bi Zaituni uso wake ukakunjuka kwa mara ya kwanza.

"Kumbe umefanya biashara. Ana umri gani?"

"Sijamuuliza."

"Anakohoa kikavu au na makohozi?"

Shangazi akacheka. Nilikuwa nakata ndizi za kiburu, zile za kupika na maharage, jikoni, nikaacha kisu. Sikuwahi kumsikia akicheka kicheko kile, kifupi, cha puani. Na kuanzia hapo nikaanza kumshuku yeye. Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, alikuwa akisimama pale kwenye korido mbele ya ukuta na kuniuliza, "Leo amekohoa?" Nikisema ndiyo, anaitikia kwa kichwa na kwenda kuchemsha chai. Nikisema bado, anabaki amesimama. Mtu anayengojea habari njema na mtu anayeogopa habari mbaya wanasimama namna moja, na mimi sikuweza kujua yeye ni yupi kati ya hao. Nilianza kupanda ngazi ya nyuma peke yangu, nikimpelekea Bi Zaituni maji au mkaa, na moyoni nikijiambia namlinda.

Mvua kubwa za masika zilikuja. Choo cha Bi Zaituni kilikuwa uani, chini ya ile ngazi ya chuma, na ngazi ikilowa inateleza. Asubuhi moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta fundi ndani ya fleti, nyundo kubwa mkononi, na Shangazi amemsimamia. Ukuta mpya ulikuwa umeshatobolewa katikati. Vumbi jeupe lilijaa kila mahali, na kupitia kwenye tundu nilimwona Bi Zaituni amesimama kando ya kitanda chake, kanga imeziba pua.

"Shangazi, unamtoa?" Nilipiga kelele. "Unamtoa kwenye mvua?"

"Namwekea mlango," akasema, bila kunitazama. "Huko ngazini atavunjika kiuno. Choo kipo hapa." Halafu akamgeukia fundi. "Na ule wa nje ukimaliza huu, uzibe. Aachwe na dirisha."

Sikulala vizuri siku kadhaa kwa ajili ya maneno hayo mawili. Kwa sababu nilikuwa nimemsikia wakili pamoja naye, na nilijua maana yake. Chumba chenye mlango wa nje ni chumba cha mtu mwingine, kinaweza kuuzwa peke yake. Chumba ambacho mlango wake pekee uko kwenye korido yako ni chumba chako, hata kama karatasi haisemi. Nyundo ile ile ilimpa bibi choo na ikampa Shangazi chumba. Kipi kilikuja kwanza moyoni mwake? Miaka mingi baadaye nilimuuliza, tukiwa tunakula chungwa kwenye dirisha lile lile. Alisema, "Wewe ungepiga nyundo ngapi?" akaendelea kumenya.

Bi Zaituni naye hakuwa mjinga. Mlango ulipowekwa, jambo la kwanza alilofanya ni kuliburuta kabati lake la nguo na kulisimamisha mbele yake kwa upande wa ndani. Aliacha upenyo wa kupita mtu mmoja, kiubavu, akienda chooni, na akirudi alilisukuma mpaka liguse ukuta. Mlango wa nje alikataa katakata usizibwe, akakaa kizingitini mpaka fundi akafungasha vifaa vyake. "Mimi nimekuwa mtumishi miaka yote," aliniambia nilipompelekea mkaa. "Najua mlango unaofunguliwa kwa wema na unaofunguliwa kwa hesabu. Huu sijaujua bado." Na kulikuwa na jambo la chakula. Alihofia kwamba sisi Wakatoliki wa mlimani tutapika kitimoto, na moshi utapita. Shangazi aliposikia aliudhika siku nzima. Hatukuwahi kupika nguruwe mle ndani, si kabla wala baada, lakini hakwenda kumwambia. "Akitaka kujua, anuse," alisema.

Hivyo ndivyo tulivyoishi miezi iliyobaki, wanawake watatu na kabati. Shangazi alipopika ndizi alichota bakuli na kuliweka sakafuni karibu na ule upenyo, kisha anaondoka. Bakuli lilirudi limeoshwa, wakati mwingine na vitumbua ndani. Hakuna aliyesema asante. Kikohozi kiliendelea, asubuhi na jioni, na niseme mapema kwamba kilimshinda Baba Mkubwa Aloisi: tulimzika yeye akiwa bado anauliza, na Bi Zaituni alitutumia rambirambi.

Kassim alirudi kabla ya Krismasi. Alikuwa bado hajaandika kitu chochote. Alikuja na mwanamume mwenye mkoba, na wakapita mlango wetu wa mbele kwa sababu, alisema, ngazi ya nyuma ina kutu. Yule mwanamume alikuwa anatafuta chumba cha ofisi, na macho yake yalianza kupima tangu sebuleni. Kassim alikaa ukingoni mwa kiti.

"Dada, nimekuja kumchukua mama. Nimeona si vizuri abaki huku peke yake. Dar nina mtu wa kumwangalia."

"Na chumba?" Shangazi akauliza.

"Chumba kina mlango wake wa nje. Hakikuwemo kwenye karatasi zetu, nadhani unakumbuka."

Shangazi hakuinua sauti. "Ulisema kitaandikwa."

"Nilisema mengi, dada. Nilikuwa na shida."

Nikasikia kabati. Lilianza kwa mkwaruzo mfupi, likanyamaza, likaanza tena, mbao zikilia juu ya saruji, na sote wanne tukasikiliza jinsi lilivyokuwa linaburutwa mbali na mlango, polepole, na mtu anayehema. Nilitaka kwenda kusaidia. Shangazi akanishika mkono. Kisha mlango ukafunguka wote, kwa mara ya kwanza tangu uwekwe, na Bi Zaituni akatokea na kanga yake nzuri, akapita kwenye korido, akaingia sebuleni. Alikuwa hajaingia sebule ile tangu ukuta ujengwe. Aliitazama, akatazama mahali tulipoweka viti, uso ukaonyesha kwamba hakupendezwa, akakaa kwenye kiti cha Shangazi.

"Shikamoo, mama," Kassim akasema, amesimama.

"Marahaba. Huyu ni nani?"

"Ni rafiki. Anaangalia tu chumba."

"Chumba gani?"

"Chako, mama. Unakuja Dar, si tulizungumza..."

"Tulizungumza mwaka juzi, nikakataa. Nimekulea, Kassim, nakujua ukisema uongo unavyokuna shingo. Acha kuikuna." Kisha akamgeukia yule mwenye mkoba, kwa adabu kabisa. "Baba, umepita mlango gani kuja hapa?"

"Huu wa mbele, bibi."

"Basi umeona. Chumba changu kimo ndani ya nyumba ya huyu Apolonia. Mlango wangu ni ule pale. Ule wa nje nauziba kesho, kuna upepo. Ukitaka kupanga, mwombe mwenye nyumba."

Yule mwanamume alimtazama Kassim, akatazama mkoba wake, akasema yeye hapendi mambo yenye mgogoro, akaaga. Kassim alibaki kidogo. Alipiga magoti mbele ya Bi Zaituni, akambusu mkono, na nadhani alilia, kwa sababu alipoinuka alijifuta kwa tai. Halafu naye akaenda. Aliandika karatasi kule kwa wakili wiki hiyo hiyo, kwamba chumba ni cha Shangazi na Bi Zaituni anakaa mpaka mwisho, na hatukuwahi kujua kama ni kwa aibu au kwa amri ya aliyemlea.

Tulibaki watatu. Shangazi alikwenda jikoni akarudi na chai. Alimpa Bi Zaituni kikombe kwa mikono miwili.

"Usidhani nimekupa," Bi Zaituni akasema.

"Sijadhani, mama."

"Bado sijakujua."

"Wala mimi."

Bi Zaituni akaonja chai, akasema haina tangawizi, akainywa yote. Halafu akainuka, akarudi chumbani mwake, na tukalisikia kabati likianza tena kuburutwa kuelekea mlangoni. Shangazi alisimama na kikombe mkononi, akisikiliza. Lilikwaruza mara moja, mara ya pili, likasimama njiani. Tulingoja. Baadaye kidogo tukasikia kitanda kikilia, mtu akijilaza, na kupitia mlango uliobaki nusu wazi, kikohozi.